Labo Safi

Mimi nina mdomo, sikatai. Mtoto akiingia na viatu kwenye labo ya kompyuta, sauti yangu inasikika mpaka barabarani. Udongo wetu huu mweusi wa volkano ukishaingia kwenye kibodi hautoki, na mashine zenyewe ni thelathini na mbili kwa wanafunzi zaidi ya mia tisa. Kwa hiyo viatu vinabaki mlangoni, na flashi nazo zinabaki mlangoni, kwenye kikapu, kwa ajili ya virusi. Sheria hiyo niliiweka mimi, Mukasine, mwalimu wa TEHAMA. Walimu wenzangu hapa Gisenyi walikuwa wakisema labo naipenda kuliko mume wangu, nami nikawajibu kwamba labo angalau inanisikiliza.

Mwiza alikuwa kidato cha tatu. Kwao ni Bugeshi, kule juu kwenye baridi na viazi, ila alikaa kwa shangazi yake Rugerero ili asome. Mtoto mpole, hasemi mpaka umuulize. Tangu Januari alikuwa akitengeneza mchezo wa kuwafundisha watoto wa shule ya msingi namna kompyuta inavyofuata maagizo. Kwenye skrini kuna ng'ombe, na mtoto anampangia: nenda hatua tatu, geuka kushoto, pita kando ya ukuta wa mawe, mpaka ng'ombe afike mtoni. Ukikosea kupanga, ng'ombe anaingia kwenye shamba la viazi la jirani, na hapo inasikika sauti ya bibi yake Mwiza, iliyorekodiwa kwa simu, akifoka kwa Kinyarwanda kwamba huyu ng'ombe asiye na adabu ni wa nani. Jamani! Watoto wa darasa la nne waliokuja kwetu kila Jumatano walikuwa wanakosea makusudi ili wamsikie bibi akifoka.

Vitabu tulivyoletewa vinaeleza somo hilohilo kwa mfano wa treni inayopita kwenye theluji. Nimefundisha miaka kumi na mmoja, na theluji ile hakuna mtoto aliyewahi kuielewa. Mwiza alikuwa ametunga somo ambalo mtoto asiyewahi kushika kipanya analielewa kwa robo saa.

Basi, kuna shule moja ya bweni huko Kigali inayofundisha programu za kompyuta, ikatangaza nafasi kwa wanafunzi watakaotuma kazi zao. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mimi ndiye niliyemwandikisha Mwiza, na nilimwambia shangazi yake wazi kwamba huyu nafasi anaipata. Kilichobaki ni kuituma kazi. Na kazi yote ilikuwa ndani ya mashine namba kumi na nne, mahali pamoja tu, kwa sababu flashi nilizikataza mimi, na intaneti ya shule ilikuwa imekatika wiki nzima.

Ijumaa ya wiki iliyotangulia, direkta wetu Bahizi, mkuu wa shule, alinipitia labo. Yeye alikulia Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Madamu, lundi inspekteri iko anakuja," aliniambia. "Mi nataka hii labo ikuwe propre kabisa. Ile miziki, ile mapicha ya futiboli watoto wanaweka, toa yote."

Jumamosi nikaja peke yangu. Kufuta faili moja moja kwenye mashine thelathini na mbili ni kazi ya wiki. Njia ya mkato ni kuirudisha mashine ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani: unabonyeza, unathibitisha, unasogea kwenye inayofuata. Nilipofika namba kumi na nne niliufungua mchezo. Nilimwona ng'ombe. Nilimkosesha njia makusudi, bibi akanifokea, nikacheka peke yangu mle ndani. Nikasema hii nitainakili kwanza kwenye flashi yangu, maana flashi ya mwalimu haikuwa na marufuku. Flashi ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa ofisini. Nikairuka mashine ile, nikasema nikimaliza mstari huu nitaifuata flashi.

Kisha simu ikaita. Wanakwaya wenzangu waliniuliza niko wapi, mazoezi yameanza. Nikaharakisha, nikarudi kwenye zile nilizoziruka, moja ilikuwa imegoma kuwaka, nyingine ndiyo hiyo. Nikabonyeza. Nikathibitisha. Nilipozima taa mashine zote zilikuwa safi, na mimi kichwani nilikuwa nikitafuta sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili.

Nilisahau. Ningependa kuwaambia kulikuwa na sababu kubwa zaidi, lakini haikuwepo.

Jumatatu inspekta alifurahi mno. Alipita mstari kwa mstari, akawasha mashine hii na ile, hakuna wimbo, hakuna picha ya mchezaji. Akasema mbele ya direkta kwamba atanipendekeza niwafundishe walimu wa wilaya nzima namna ya kutunza labo. Tukapigwa picha. Nilipofika nyumbani niliwatumia ndugu zangu wote picha ile, mpaka wale walioko Karagwe nilikozaliwa.

Jumanne saa tatu kidato cha tatu kikaingia. Mwiza alikaa na Nadra kwenye mashine namba kumi na nne, kama kawaida yao. Nadra ni binti wa Mbugangari, mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu, na ndiye aliyekuwa akiujaribu mchezo kila Mwiza alipoongeza kitu. Nilikuwa naandika ubaoni. Nikamsikia Mwiza anasema taratibu, "Mana yanjye," yaani Mungu wangu.

Nikageuka. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza na hagusi kitu. Skrini ilikuwa tupu. Hapo ndipo Jumamosi yote iliponirudia, simu, mkoba, kidole changu.

"Madamu, kazi yangu haipo," alisema.

Darasa zima likanitazama. Na mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa la kusema, ukasema, "Kirusi. Nani ameingiza kitu kwenye mashine hizi?"

Wallahi sikuupanga uongo ule. Lakini nilipouona umetoka, sikuurudisha. Nikauongezea. Nikasema nimewaonya mara ngapi kuhusu flashi, nikasema sasa mnaona faida yake, nikafoka mpaka jasho likanitoka. Kadiri nilivyofoka ndivyo walivyoniamini. Mwiza hakulia. Aliuliza kama kuna namna ya kuirudisha, nikasema hakuna, na hilo peke yake lilikuwa kweli.

Jumatano mchana watoto wa darasa la nne wakaja. Wakavua viatu, wakakimbilia mashine, na baada ya dakika mbili kitoto kimoja cha kike kikaniuliza, "Mwalimu, ng'ombe iko wapi?" Nikakijibu kwamba ng'ombe anaumwa. Kikauliza atapona lini. Nikajifanya sijasikia.

Walipoondoka, Nadra alikuwa amesimama mlangoni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Madamu, ni mi," alisema. "Ile vendredi kabla ya inspekteri kuja, nilichaji simu yangu ku ile mashini. Niliiweka tu kidogo, na kamba. Ni mi njo niliingiza ile kirusi."

"Umemwambia Mwiza?"

"Nilimwambia jana, na darasa yote ilisikia. Hanisemeshe tena. Alihama, iko anakaa na wengine." Akaanza kulia kwa kwikwi. "Madamu, nisamehe. Mi sikujua. Ataenda wapi sasa, Mwiza, na kazi yake iliisha juu yangu?"

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo sehemu ninayoona aibu kuisema. Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu, mlango ulikuwa wazi, na maneno yenyewe hayazidi manne: nilifuta mimi, si wewe. Badala yake nilimwekea mkono begani. Nikamwambia kwa sauti ya upole, ile ninayoitumia kanisani, "Nimekusamehe, Nadra. Usirudie tena."

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru!

Usiku ule sikula, na mume wangu akadhani ni malaria. Ningemwambia nini? Nimezoea kuwakosea watoto kwa ukali, kumwonea mmoja kwa kelele ya mwingine, hayo yapo na siku ya pili yanaisha. Hili halikuwa hivyo. Nilikuwa nimemkabidhi mtoto kosa langu, akalibeba, kisha nikajipa ukubwa wa kumsamehe.

Alhamisi direkta alipiga simu Kigali kumwombea Mwiza siku za ziada. Aliniita ofisini aniambie jibu.

"Wanasema iko possible," alisema Bahizi. "Watampatia mpaka lundi. Lakini shule iandike barua kwamba kazi ilipotea kwa kosa ya shule. Sasa hapa ni kirusi ya mwanafunzi, donc haina maana. Barua ya uongo mi siwezi kutia sinyatiri."

"Na kama lingekuwa kosa la shule?"

"Si ile, Madamu. Achana nayo."

Nikaachana nayo. Nilitoka ofisini, nikafundisha vipindi vitatu, nikaenda nyumbani. Nadra nilimwona uani amekaa peke yake wakati wa chakula, na Mwiza upande mwingine na daftari mapajani, anachora upya kwa kalamu zile njia za ng'ombe. Nilipita katikati yao na kwenda kunywa chai.

Sijui niseme ni nini kilichonibadilisha Ijumaa asubuhi. Si ujasiri, msidanganyike. Mwiza alinikuta getini akaniamkia, kisha akasema, "Madamu, nilikuwa nakuomba unisaidie kumwambia shangazi. Mi naogopa kumwambia kama nafasi sikuipata. Atasema nilicheza." Hata kulaumu hakulaumu. Alitaka tu nikamsemee, kwa sababu mimi ni mwalimu na shangazi ataniamini.

Nikamwambia anisubiri. Nikaenda moja kwa moja kwa Bahizi, sikuketi.

"Hakuna kirusi," nilisema. "Jumamosi nilifuta mashine zote. Kazi ya Mwiza niliiona, nikajua ni yake, nikaifuta kwa haraka zangu. Kisha nikadanganya darasa."

Alivua miwani.

"Madamu Mukasine. Na inspekteri alikusifu!"

"Najua."

"Hii barua itafika mpaka wilayani. Ile mambo ya kufundisha walimu wengine, sahau. Na itabaki ku dosiye yako."

"Andika."

"Hapana," alisema, akanisukumia karatasi. "Andika we mwenyewe, na jina yako. Mi nitapiga muhuri."

Niliandika mistari minne. Saa nne ilikuwa imeshatumwa kwa simu ya direkta, na kabla ya saa sita Kigali wakajibu kwamba Mwiza ana mpaka Jumatatu jioni. Ningeweza kuishia hapo. Nilitamani sana kuishia hapo, nimwite Mwiza pembeni, nimpe habari njema, mengine yajifie. Lakini Nadra alilaumiwa na watu arobaini na watatu, basi ilibidi hao hao wasikie.

Kipindi cha mchana nikasimama mbele yao labo. Nikasema yote, Jumamosi, simu ya kwaya, kidole changu, kirusi kisichokuwepo. Mara hii hakuna aliyecheka Kiswahili changu wanachokiita cha redio. Nikamgeukia Mwiza, nikamwomba radhi, nikamwambia kuhusu Jumatatu. Aliinamisha kichwa. Kisha nikamgeukia Nadra, aliyekuwa peke yake kwenye mashine ya mwisho karibu na dirisha.

"Nadra, hukuharibu kitu. Nilijua tangu mwanzo kwamba hukuharibu. Nisamehe."

Nadra hakulia safari hii. Alikunja uso, anafikiri.

"Sasa Madamu," aliuliza, "ile pardon ulinipatia mercredi, mi niifanyie nini?"

Hakuwa na utani, wala hakuwa ananikosea adabu. Alikuwa anauliza kweli. Mimi mwenye mdomo nikashusha sauti.

"Haikuwa yangu kuitoa," nilisema. "Mimi ndiye niliyepaswa kuiomba. Ndiyo naiomba sasa."

"Nimesikia, Madamu," alisema Nadra. "Lakini leo hapana."

Mwiza akainuka. Alibeba daftari lake, akapita nyuma ya viti vyote mpaka dirishani, akaketi karibu na Nadra. Hawakukumbatiana. Alimsogezea tu daftari, akamwonyesha ukurasa, na Nadra akawasha mashine. Nikawasikia wanapanga nani atampigia bibi Bugeshi ili afoke upya kwa simu.

Kengele ilipolia wengine walitoka, wao wakabaki. Nikawasogelea nikasema nitakaa nao Jumamosi na Jumapili yote, niwasaidie palipo pagumu, mchezo ule naukumbuka vizuri.

Mwiza, asiyesema mpaka umuulize, aliniangalia usoni.

"Asante, Madamu," alisema. "Utuachie tu ufunguo."

Nikauweka mezani, nikatoka.