Rezo ya Uvira

Rugema aliuza vocha za simu pale Rugenge, mtaa wa mji wa Uvira, chini ya mwavuli mkubwa, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Mteja akilalamika kwamba mtandao, au rezo kama wasemavyo Uvira, haushiki, yeye humcheka: "Rezo iko! Weye ndiye hujue kuitafuta."

Simu yake ilibeba kadi moja tu kwa wakati mmoja. Kadi ya Kongo ilikuwa ya wateja na ya mama yake. Kadi ya Burundi, ambayo hushika vizuri kando ya ziwa, ilikuwa ya Vanessa, mchumba wake wa Bujumbura.

Wiki hiyo mama yake, Mukabalisa, aliteremshwa kutoka Hauts Plateaux, milimani juu ya Uvira, kwa kipoyi, mabegani mwa wanaume, maana gari halifiki huko. Mguu ulikuwa umemvimba vibaya. Walikubaliana kwamba wakifika kwenye kilima kinachoshika rezo, mjomba Nkusi atapiga simu, na Rugema atapeleka gari hadi mwisho wa barabara. Dereva alikwisha kupatikana, akingoja neno tu.

Siku yenyewe Rugema akaingiza kadi ya Burundi amsalimie Vanessa kidogo. Kidogo gani! Walicheka, wakanuniana, wakapatana, wakaanza upya. Kadi ya Kongo ikasahauliwa ndani ya kifuniko cha simu hadi jioni. Alipoirudisha, zikamiminika taarifa za simu alizokosa, zote za Nkusi. Akapiga, Nkusi hakupatikana tena.

Asubuhi aliwahi mwisho wa barabara, akakuta nyasi zilizolaliwa. Wabebaji walikuwa wamengoja pale mpaka jua likazama, kisha wakampeleka mgonjwa kijiji cha jirani apate pa kulala. Hakuamka.

Matangani Nkusi alieleza mbele ya wote. "Tuliita, tuliita. Dada yangu akasema, 'Mumuache mutoto wangu, haiko kosa yake. Ni rezo ya Uvira iko mubaya.'"

Watu wakailaani rezo na wenye minara yao. Rugema alikumbuka sauti ya Vanessa, ilivyokuwa safi siku ile, akajichukia. Nkusi akamgeukia.

"Si ni vile, mutoto wangu?"

"Ndiyo, tonton," Rugema akamjibu mjomba wake. "Iko mubaya sana."