Sehemu za Bunduki Kumi

Fundi mkuu wa silaha pale kambini walimwita Bi Kero, na jina lenyewe alilifanyia kazi. Siku muuzaji alipoleta bunduki kumi za mfano, mpya zinang'aa, kanali alikuwa ameshashika kalamu. Alitaka kuagiza bunduki elfu mbili, na punguzo lilikuwa linaisha saa kumi jioni.

Bi Kero alizitaka kuliko yeye. Binti yake wa pekee, askari, alikuwa anakwenda mpakani baada ya wiki mbili, na zile za zamani zilikwama kila vumbi likiingia. Angezipitisha tu, kanali angesaini na mtoto angeondoka na mpya. Lakini wapi!

"Zifungueni zote," akasema.

Zikafunguliwa juu ya turubai. Akapiga magoti, akavichanganya vyuma vyote kwa mikono miwili, kisha akamgeukia fundi wa muuzaji. "Haya, ziunge."

"Mama, punguzo linatuponyoka," kanali akanung'unika.

"Liponyoke, afande."

Fundi yule alihangaika mpaka shati likamganda mgongoni. Sita zikakubali. Nne, ng'o. Kila moja ilichongwa kivyake, kipuri cha hii hakiingii kwenye ile. Muuzaji akachekacheka, eti ni kuvisugua kwa tupa kidogo tu.

"Huko mpakani tupa atapiga nani? Na kila kipuri kikigoma tutakurudia wewe, bei upange wewe," Bi Kero akamwambia.

Kanali akarudisha kalamu mfukoni. Muuzaji akapewa miezi mitatu azitengeneze upya, na safari hii Bi Kero angejichagulia kumi mwenyewe ghalani.

Jioni, wakila, alimweleza binti yake, roho mkononi.

"Kwa hiyo naondoka na ya zamani."

"Ya zamani, mwanangu. Nisamehe."

Binti akatafuna kwanza. "Hizo mpya zingeniua. Lakini hizi za zamani si zinahitaji springi tu? Kikosini tuko thelathini na wawili."

Bi Kero akacheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake alifika karakana kabla ya mlinzi kufungua geti, na wiki mbili nzima alikuwa mtu wa raha, mafuta mpaka viwikoni. Bunduki zote thelathini na mbili zilipita mikononi mwake. Ya mwanawe aliiacha palepale kwenye foleni, ya kumi na tisa, na hakuigusa mpaka zamu yake ilipofika.