Kadi ya Mjomba Dilip

Agosti ile ya 2007, nyumba ya Leela hapo Nakuru ilikuwa imejaa jamaa hadi kwenye ngazi. Cheptanui, msichana wa jikoni, alikuwa anachambua njegere kando ya Arjun, mtoto wa Leela aliyekuwa anasoma kompyuta Nairobi. Arjun alikuwa anaifundisha mashine sheria za undugu, ili ichape kadi za harusi ya dada yake Ritu: nani ni nani, na aketi wapi.

Kila sheria aliipa jina, kisha akaisoma kwa sauti.

"Mama akiwa na kaka, huyo ni anko, meza ya kwanza. Jina la sheria: Anko." Akamega chapati. "Baba akiwa na kaka, huyo pia ni anko, meza ya pili. Jina la sheria: Anko."

Cheptanui akainua macho, akayarudisha kwa njegere. Mwenye mashine ndiye anajua.

Saa nne Dilip, kaka pekee wa Leela, akafika kutoka Mai Mahiu, sari kwapani. Kwa desturi yao mjomba ndiye huleta sari ya bibi harusi, na bila hiyo bibi harusi hatoki chumbani. Arjun akampa kadi yake. Dilip akavaa miwani.

"Mgeni," akasoma polepole. "Meza ya kumi na nne."

"Anko, labda..."

"Karibu na choo, nimeiona. Sasa, mgeni huleta zawadi ya mgeni. Nina glasi sita kwa gari, nitakuachia. Hii sari inarudi Mai Mahiu."

Akaenda kuketi ndani ya gari, vioo juu, na jua lile. Leela akamfuata akagonga kioo. Kaka yake akaongeza redio. Huko juu Ritu akaita kuuliza sari iko wapi, na hakuna aliyetaka kupanda ngazi kumjibu.

"Sheria iko sawa," Arjun akasema, jasho likimtoka. "Nimeiandika mwenyewe."

"Hebu nione kadi za ndugu za baba yako," Cheptanui akasema.

Walikuwa wanne. Wote Anko, wote meza ya pili.

"Unakumbuka nikiandika Dengu kwa mikebe miwili?" Cheptanui akauliza. "Mama yako aliona huu wa pili, akasema ndio ule ule, ule wa kwanza akautupa na vilivyokuwa ndani. Wewe umeita sheria mbili jina moja. Mashine imebaki na ya mwisho, na asiye na sheria inamwita Mgeni."

Arjun akavuta kompyuta karibu. "Basi niite Anko Moja na Anko Mbili."

"Na huyo wa Mbili utamweleza nini?"

Akaandika upya: Kaka wa Mama, Kaka wa Baba. Cheptanui akapeleka kadi mpya mwenyewe, na kikombe cha chai. Kioo cha gari kikashuka kidole kimoja.

"Kaka wa mama. Meza ya kwanza," Dilip akasoma. "Nani ameandika?"

"Mashine, mzee."

"Na mashine imeambiwa na nani?"

"Mkebe wa dengu."

Dilip akamtazama, akafungua mlango. Sari ikapanda ngazi. Lakini Arjun alipoomba ile kadi ya kwanza aichane, mjomba aliitia mfuko wa koti, akafunga kifungo.

"Leela," akamwambia dada yake, "siku utanipigia tena nikutafutie fundi wa jenereta, nitakusomea hii ya Mgeni kwanza."