Friji la Bibi na Noti ya Chiriku

Friji la Bibi lilikuwa kubwa, jeupe lililoanza kugeuka manjano, na lilivuma. Halikuvuma kwa haya kama mafriji ya watu wengine. Likiwaka, vikombe vilivyopangwa juu yake viligongana, kifuniko cha kopo la sukari kilicheza, na mgeni aliyekuwa akisimulia msiba alilazimika kupandisha sauti mpaka msiba ukafanana na ugomvi. Marehemu Babu alilinunua angali na meno yake yote. Bibi alikuwa amelizoea kama mtu anavyomzoea mume anayekoroma: kelele hazikumwamsha, ila zikikatika ghafla alifumbua macho.

Ndani ya mvumo huo ndimo alimolelewa mjukuu wake. Jina la kuzaliwa analo, lakini hakuna aliyelitumia, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, na watu wakamwita Chiriku. Alizungumza akila, akapiga mswaki huku akizungumza, na povu likafika kwenye kioo.

"Mke mwenzangu," Bibi alizoea kumwambia, "meza kwanza. Maneno hayapoi."

Shuleni kwa Chiriku kulikuwa kumekuja mwalimu mpya wa muziki, mzee mwembamba mwenye koti ambalo mifuko yake ilijaa vumbi la chaki. Maisha yake yote alikuwa akitunga nyimbo za kwaya, zile kubwa zinazoimbwa na watu wazima waliopangwa safu juu ya safu, na kila mtu alimwita Mtunzi. Alipostaafu, badala ya kukaa nyumbani kuhesabu nzi, aliomba kufundisha watoto wa shule ya msingi. Siku ya kwanza tu alikifunga kinanda cha shule, ufunguo akautia mfukoni.

"Kinanda ni mkongojo," aliwaambia watoto. "Mmeona wapi mtoto anaanza kutembea kwa mkongojo? Miguu kwanza. Na miguu ya muziki ni koo lako."

Akawatoa darasani hadi kwenye ngazi za shule. Kila kipandio akakipa noti yake: cha chini kabisa do, kinachofuata re, kisha mi, na kuendelea hadi juu. Watoto wakapanda wakiimba, wakashuka wakiimba. Karani wa shule, aliyekuwa akishuka zake na kikombe cha chai, alijikuta ameimba fa bila kukusudia, akamwagia chai shati.

Aliyekuwa na taabu ni Chiriku. Alisimama kwenye do, akatoa noti. Akapanda hadi mi, akatoa ileile. Akafika juu kabisa, pale wenzake walipokuwa wakilia kama filimbi, akatoa ileile tena, nzito na tulivu, kama mtu aliyekaa kituoni na hana haraka na basi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwalimu Mkuu, mama wa miwani aliyependa kila kitu kinyooke, hata mapazia, hakucheka. Tamasha la kufunga mwaka lilikuwa limekaribia, na wazazi wangekuja.

"Mwalimu, huyu asimame nyuma ya warefu," alimwambia Mtunzi, Chiriku akisikia. "Afungue mdomo na kuufunga, sauti asitoe. Debe tupu haliachi kuvuma."

Siku hiyo Chiriku aliingia nyumbani kimya. Bibi, aliyekuwa akimenya viazi, alimgusa paji la uso kupima homa. Hapakuwa na homa. Ikabidi aulize, na alipojibiwa, kisu kilisimama katikati ya kiazi.

Maana Bibi naye, alipokuwa na umri kama huo, alipewa amri hiyohiyo. Akasimama nyuma ya wenzake akifungua mdomo na kuufunga kama samaki aliyetiwa ndooni. Tangu hapo, harusi ya nani, sherehe ya nani, watu wakianza kuimba Bibi alipiga makofi tu. Hata watoto wake aliwabembeleza kwa hadithi, akidhani nyimbo si mali yake.

"Wewe hutakuwa samaki," alisema.

"Samaki gani, Bibi?"

"Kula, mke mwenzangu."

Kesho yake alasiri ikapigwa hodi. Alikuwa Mtunzi, kofia mkononi.

"Kama umekuja kumfukuza mtoto, mfukuze ukiwa hapohapo mlangoni," Bibi alisema. "Kama umekuja kwa wema, karibu kiti."

Mtunzi akachagua kiti, akaketi pale jikoni karibu na Chiriku. "Mama, mimi simfukuzi mtu. Sijapata kuona mtoto asiyeweza kuimba. Nimeona walimu wasiojua mtoto anaishi kwenye noti gani, wanakaa mbali wanamwita, hasikii. Mimi humfuata kwake, nikabisha hodi, nikamshika mkono tukatoka pamoja. Huyu wako anayo noti moja na haitikisiki hata ukiisukuma. Nataka kujua kaitoa wapi."

Akachomoa mfukoni kitu cha chuma chenye meno mawili, kama uma mdogo. Bibi akaona haya.

"Samahani, Mwalimu, chakula hakijaiva."

"Hiki si cha kulia, Mama. Ni cha kupimia sauti." Akakigonga kwenye goti, akakisogeza sikioni na kufumba macho. Bibi alimtazama kwa huruma. Akajisemea kwamba uzee wa wengine huanzia miguuni, wa huyu umeanzia juu.

Ndipo friji likaamka. Vikombe vikagongana, kopo la sukari likapiga kifuniko. Mtunzi aliruka kama aliyekalia siafu. Akaweka sikio kwenye mlango wa friji, akagonga uma wake, akasikiliza, akagonga tena.

"Chiriku! Hebu imba noti yako!"

Chiriku akaimba. Mtoto na friji wakawa kitu kimoja. Hata uzi usingepita katikati yao.

"Mama," Mtunzi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota dhahabu njiani, "mjukuu wako hajakosea hata siku moja. Amekuwa akiimba na friji. Ni sisi ambao hatukulisikia."

Akaenda kwake, akatunga wimbo mpya wa kwaya. Ulikuwa wimbo wa asubuhi jikoni. Sauti za juu zilikuwa maji ya bomba, za kati zilikuwa vijiko na vifuniko vya sufuria, na chini kabisa, tangu mwanzo hadi mwisho, palikuwa na noti moja isiyohama, ambayo nyingine zote ziliiacha na kuirudia kama watoto wanaocheza nje na nyumba iko palepale. Noti hiyo akampa Chiriku peke yake. Naye ndiye angeanza, wengine wajengee juu yake.

"Mimi ndiye friji!" Chiriku alitangaza shule nzima. Waliomcheka wakaanza kumwonea wivu. Mmoja alilia nyumbani kwao kwa sababu yeye ni kijiko tu.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliegemeza mgongo kwenye mlango wa friji, akajaza noti kama mtu anavyojaza chupa ya maji, akaondoka akivuma hadi getini. Mwalimu Mkuu alisikiliza mazoezi akiwa ameinamisha miwani.

"Haya," alikubali. "Lakini akiteleza mbele ya wageni, Mwalimu, mwakani kinanda kinafunguliwa, na yeye anarudi nyuma afungue mdomo tu."

Mambo yalikwenda vizuri, na kila aliyewahi kuishi anajua maana yake. Wiki ya tamasha Bibi alirudi kutoka sokoni, akafungua mlango wa jikoni, akahisi kuna aliyekufa. Vikombe vimetulia. Kopo la sukari limenyamaza. Friji lilikuwa linafanya kazi, siagi ilikuwa ngumu, lakini halikutoa hata mguno.

Mama yake Chiriku alikuwa amesimama hapo, meno nje kwa furaha. "Mama! Nimekuletea fundi. Kelele zote hizo, miaka yote! Kaweka raba mpya chini ya mota. Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo!"

Bibi akaketi. Mwanawe alikuwa mtu wa dukani, anatoka alfajiri na kurudi jioni, habari za noti alizisikia nusunusu huku akivua viatu. Ungemgombezaje mtu aliyekutendea wema? "Asante, mwanangu," Bibi alisema, kama anayeshukuru kwa kung'olewa jino zima.

Siku iliyofuata kwenye mazoezi Chiriku alianza juu mno, akashuka, akapitiliza, akarudi, mfano wa mbuzi aliyekata kamba. Maji ya bomba yakapotea, vijiko vikapotea, kwaya nzima ikasimama. Mwalimu Mkuu alivua miwani akaifuta, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Bibi akamwita fundi.

"Mama," fundi alisema, akikuna kichwa kwa bisibisi, "tangu niianze kazi hii watu huniita niue kelele. Leo naitwa nizifufue?"

"Zilezile. Sitaki nyingine."

"Raba za zamani nimeshazitupa."

"Basi toa na hizi."

Mtunzi alikuwepo na uma wake, na Chiriku amepanda kiti ili aone vizuri. Fundi akatoa raba mbili. Friji likanguruma kama pikipiki inayopanda mlima.

"Siyo," Mtunzi alisema. "Iko chini mno."

Fundi akarudisha moja, akachomeka kipande cha boksi chini ya mguu wa nyuma. Friji likalia kama mbu.

"Juu mno."

"Mwalimu, hiki ni chombo cha kuwekea maziwa! Unataka nikifundishe kwaya?"

"Ongeza boksi."

Wakaongeza boksi, wakapunguza boksi, wakahamisha kopo la sukari, wakalirudisha. Friji likatembea lenyewe hatua nzima kuelekea mlangoni, kana kwamba limechoka nao. Bibi, kwa kuwa mambo ya mafundi hayana mwisho na chakula cha jioni kina wakati wake, alivuta beseni akaendelea kumenya viazi.

Fundi alikata umeme ili apumzike. Jiko likawa kimya.

Halikuwa kimya.

Mtunzi aliinua kidole. Akageuka taratibu. Akagonga uma kwenye goti, akausogeza sikioni, na macho yake yakatua kwa Bibi.

"Mama, endelea."

"Niendelee na nini? Viazi vimebaki vitatu."

"Kuvuma."

"Mimi? Mimi sivumi. Mimi siimbi, Mwalimu, muulize mtu yeyote."

"Bibi huvuma kila siku," Chiriku alisema, akishangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. "Akimenya, akifagia. Friji likizima yeye anaendelea mpaka liwake tena. Hata nilipokuwa mdogo mgongoni kwake mvumo wake ulikuwa unanitetemesha tumbo."

Fundi akaketi juu ya sanduku lake la vifaa. "Kumbe mota ni mbili," alisema.

Ikapangwa hivi: siku ya tamasha Bibi akae kiti cha mbele, pembeni, na kabla ya wimbo kuanza avume kidogo tu, Chiriku aichukue noti. Bibi alikataa, akabembelezwa, akakataa tena. Kisha akakumbuka ndoo na samaki, akakubali.

Alivaa gauni lake la kitenge lenye kola, akatia peremende ya koo mdomoni. Ukumbi ulijaa. Mama yake Chiriku aliomba ruhusa kazini, na fundi naye alikuja, ameoga, hata Bibi hakumtambua mara moja. Mwalimu Mkuu akaketi kiti kilichofuata kile cha Bibi, miwani imenyooka.

Watoto wakapanda jukwaani. Chiriku mbele, soksi moja imeshuka. Mtunzi akainua mkono, akamtazama Bibi.

Bibi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Peremende ilikuwa imeganda kwenye kaakaa. Akaufunga mdomo, akaufungua tena. Kimya. Akauona ukumbi wote, na Mwalimu Mkuu ubavuni, akajua kwamba amerudi ndooni, na safari hii amemvuta mjukuu wake.

Chiriku alimwona. Alimwona Bibi yake akifungua mdomo na kuufunga, macho yametoka, kola imekaza shingo, na hakuweza kujizuia, akacheka. Kicheko kidogo cha puani. Kisha akaweka kiganja tumboni, pale palipokuwa pakitetema alipobebwa mgongoni, akavuta pumzi.

Ikatoka. Nzito, tulivu, kama mtu asiye na haraka na basi.

Mtunzi aligonga uma kwenye goti, akausogeza sikioni, akaurudisha mfukoni bila kusema. Akawaita maji ya bomba. Akawaita vijiko. Wimbo ukajengeka juu ya noti ile sakafu kwa sakafu, watoto wakapanda hadi juu, wakashuka, wakaikuta imesimama palepale. Kutoka viti vya nyuma fundi alishindwa kuvumilia. "Hapo imeshika!" alisema kwa sauti, na watu wakamnyamazisha.

Ulipofika katikati, Mwalimu Mkuu aliinama kumwelekea Bibi.

"Mama," alinong'ona, "mbona unavuma?"

Bibi akajisikiliza. Kweli alikuwa anavuma. Hakujua peremende imeyeyuka saa ngapi. Noti aliyokuja kumpa mjukuu wake, ni yeye aliyekuwa ameipokea kutoka kwake.

"Debe tupu," Bibi alimjibu, "haliachi kuvuma." Naye hakuacha, hadi wimbo ulipokwisha.

Nyumbani waliwasha taa ya jikoni. Friji, raba zake zote zimerudishwa, lilikuwa pembeni linafanya kazi yake bila sauti. Chiriku alilitazama kwa muda, akalipigapiga mlango kwa upole, kama Mtunzi alivyowapigapiga bega watoto waliokosea noti.

"Usijali," alilifariji. "Na wewe tutakufundisha."