Kigwe Kwenye Kidole cha Mguu

Usingizi wa mchana baharini haumbembelezi mtu, humnyakua tu, na Hidaya anajilaza ndani ya mashua yao ya matanga akiwa bado amenuna. Amemnunia mumewe, Mbwana, aliye juu kwenye usukani, na sababu ni kitunguu. Kilikuwa kimebaki kimoja, kimoja tu katikati ya Atlantiki yote, Hidaya akakihifadhi kwa siku watakayoiona Brazili, na Mbwana kwenye zamu yake ya alfajiri amekikaanga na yai akakila, eti kilikuwa kimeanza kuota. Watu wazima, wamestaafu, wajukuu wanao, wameiaga Pangani walikooana ili waizunguke dunia wawili tu, na leo hawasemezani kwa ajili ya kitunguu! Sasa, hawa wana desturi yao. Anayelala hujifunga kigwe, kamba nyembamba, kwenye kidole gumba cha mguu, na ncha ya pili huwa kiunoni mwa mwenye zamu. Wa juu akivuta, maana yake nipo. Wa chini naye huvuta, nami nipo. Kigwe kikivutwa kwa kishindo, mwenzako kaanguka majini, inuka. Leo, kwa hasira, Hidaya amekifunga kwenye mguu wa meza. Na avute meza, anasema, na usingizi unamchukua.

Anashusha miguu kitandani, na chini hapana sakafu, pana barabara. Ni barabara ya maji, inakwenda na kwenda na kurudi pale pale, na kandokando yake imesimama miji, kila mji umejipindua majini ukawa miwili, hata hajui anatembea katika upi. Mashua haioni. Mbwana hamwoni. Anayemwona ni mtu amesimama njia panda, amevaa kofia ya Mbwana, ile ya ukili iliyokatika ukingo, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini tupu kama yai. Hidaya anamwuliza, mume wangu yuko wapi? Kitendawili, anasema yule. Tega, anajibu Hidaya, maana mtu wa kwao akitegewa kitendawili, ulimi hujibu wenyewe. Wawili nyumba moja, hukutana mlangoni tu. Jua na mwezi, anasema Hidaya. Sivyo, nipe mji. Basi nakupa Muheza, na Muheza inazimika pale pale, inabaki harufu ya machungwa, kisha nayo inakwisha. Wawili nyumba moja, hukutana mlangoni tu. Midomo miwili. Sivyo, nipe mji. Anampa Tanga alikozaliwa, anatembea, barabara inamrudisha kwa yule yule, anakosea tena, nipe mji, na anampa Pangani, na kivuko chake, na ngoma za harusi yake, na vyote vinazama bila hata kutoa povu. Sina mji tena, anasema. Unao mmoja, unaelea, nipe huo. Hapo anasikia mbali mguu wa meza unalia, kwe. Ni Mbwana anavuta. Anavuta tena, na hakuna wa kumjibu, na kama ataanguka sasa hakuna wa kujua. Huo sikupi! anapiga kelele Hidaya. Ni sisi! Mimi na Mbwana! Mmoja akiamka mwingine analala, tunapishana pale ngazini, ananivika kofia, nampa kikombe cha chai, basi, ndiyo ndoa yetu hiyo. Mbona umemfungia meza? anauliza asiye na uso. Ni hasira tu, nampenda mzee yule, hata vitunguu vya dunia nzima na avile! Na kidole chake cha mguu kinavutwa.

Anaamka. Kigwe kipo kidoleni, fundo limekazwa vizuri, na mguu wa meza hauna kitu. Anavuta. Anangoja. Kinavutwa. Anapanda ngazi mbio na kumkuta Mbwana amempa mgongo, kofia kichwani. Wewe, ulishuka kunifunga kigwe? Nishuke, usukani nimwachie nani, papa? Geuka nikuone. Mbwana anageuka, na uso ni ule ule, umebabuka kwa chumvi, na kwenye ndevu kimeganda kipande cha kitunguu. Hidaya anacheka mpaka anashika mlingoti, kisha kicheko kinakatika, kwa kuwa anatafuta jina fulani kichwani na mahali pake ni peupe. Mbwana, anasema polepole, hivi sisi tulioana wapi? Mbwana anataka kumtania, kisha anayatazama maji, anamtazama yeye. Humu humu, mke wangu, anasema. Kwani kuna mahali pengine?

Anavua kofia na kumvika, maana zamu sasa ni ya Hidaya.