Pawabenki ya Mama Vifungo

Mama Vifungo alishona magauni ya harusi, na jina lake alilipata kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kifungo. Kama hakikuwa mkononi, kilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na kama hakikuwa mfukoni, alikibana kwa midomo huku akimpima mteja, kiasi kwamba ukimsalimia anakuitikia kwa nyusi. Mume wake, Fundi Spana, alikuwa amestaafu kazi ya kutengeneza malori. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu. Gari la jirani likikohoa, yeye keshafika na kandambili zake kabla ya kuambiwa tatizo ni nini.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Cha nyuma cha kulala, cha mbele cha kazi: cherehani dirishani, meza pana ya kukatia, pasi, na mabunda ya vitambaa yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kila alasiri alimpigia mama yake simu ya video. Lakini umeme wa mtaa ule ulikuwa na maringo, unakuja ukipenda na kuondoka bila kuaga, na mara nyingi simu ya Mama Vifungo ilizimika katikati ya mazungumzo, binti akiwa amefungua mdomo.

Mkwe wao ndiye aliyetuma pawabenki, betri ya akiba ya kuchajia simu umeme ukikatika. Ilikuwa nyeusi, nzito kama kipande cha sabuni ya kufulia, na ubavuni ina vitaa vya buluu. Mama Vifungo aliipokea kwa mikono miwili. Siku hiyohiyo akaishonea mfuko wa flana, akautia pamba ndani, akaufunga kwa kifungo cha lulu kilichobaki kwenye gauni la mteja.

"Isije ikakwaruzika," alisema.

"Uji utaipikia lini?" akauliza mumewe.

"Huo ni wivu, baba. Na wewe siku ukiniletea sauti ya mwanangu hapa ndani, nitakushonea koti."

Pawabenki haikutoka tena kwenye mfuko ule. Umeme ukirudi, Mama Vifungo aliichomeka ikiwa ndani ya pamba yake, kisha akaisukumia chini ya mto kitandani isije mtu akaikalia. Akiitoa aliikuta moto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Hilo halikumtia wasiwasi. Aliona inapata joto kwa sababu imeshiba.

Fundi Spana naye aliichukua mara moja bila ruhusa, mkewe akiwa ameenda kununua uzi. Simu yake ilikuwa imezimika na alihitaji tochi chini ya lori la jirani. Aliiweka pawabenki juu ya bampa, akageuka kuchukua nyundo, akasikia *pu!* kwenye sakafu ya saruji. Pembe moja ilikuwa imebonyea. Aliipulizia vumbi, akaibonyeza kitufe, vitaa vikawaka vyote. Akashusha pumzi na kuirudisha kwenye pamba yake. Mfuko ule mnene haukumsaliti mtu.

Haikupita wiki, kifungo cha lulu kikakataa kufunga.

"Imenenepa," Mama Vifungo alisema, akiugeuzageuza mfuko.

"Wewe si ndiye unayeivalisha nguo za kubana?"

Fundi Spana alicheka mwenyewe. Lakini siku nzima hakula vizuri. Alimjua mkewe: hangegomba. Angenyamaza tu na kuitazama ile pawabenki kwa huzuni, na hilo ndilo ambalo Fundi Spana hakuliweza hata kidogo.

Kwa hiyo mchana uliofuata, Mama Vifungo alipovuka barabara kwenda saluni kumpima msusi kiuno, mzee akaitoa pawabenki mfukoni. Alishtuka. Ilikuwa imevimba kama andazi, ganda limeachana ubavuni. Miaka yote aliyoshinda na magurudumu ilimwambia jambo moja: kilichovimba kina upepo, na upepo hutolewa. Akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaikandamiza kwa pasi iliyopoa. Ilisinyaa kidogo, alipoinua pasi ikarudi vilevile. Akatazama dirishani. Mkewe bado. Akachukua sindano nene ya turubai, akatafuta ile nafasi kwenye ganda, akachoma.

Ilitoa mlio wa nyoka. Moshi mweupe ukamrukia usoni, una utamu mkali wa dawa ya kufutia rangi ya kucha, na kabla hajakohoa mara ya pili, moto ukachomoka kwa pembeni kama uliokuwa umefungiwa kwa nguvu. Akaikamata pawabenki kwa mkono aitupe nje. Dirisha lilikuwa na nyavu. Ikagonga nyavu, ikarudi ndani, ikaangukia chini ya sanamu ya kupimia nguo, iliyokuwa imevalishwa gauni jeupe la bibi harusi wa Jumamosi.

Mama Vifungo aliuona moshi akiwa mlangoni mwa saluni, simu mkononi na futi ya kupimia shingoni. Aliruka barabara. Alipoingia, pindo la gauni lilikuwa limeshaanza kuwaka, na yeye hakumwona mtu wala kitu isipokuwa lile gauni. Akaliendea mikono mbele.

"Liache!" Fundi Spana akapaza sauti.

"Shanga zake nimezishona kwa mkono!"

"Mama, liache, tokaaa!"

Hakusikia. Basi mzee akamzoa kiunoni, akamnyanyua mzimamzima, miguu ikipiga hewani, akatoka naye mpaka katikati ya barabara. Mara ya mwisho kumbeba hivyo walikuwa maharusi, na wote wawili walikuwa wembamba. Alipomtua chini, mgongo ulilia *kwa!* naye akabaki ameinama hivyohivyo, kama anayetafuta sarafu.

"Umeumia?" akauliza akitazama ardhi.

"Mimi? Mkono wako, baba! Hebu nione mkono wako!"

Kiganja chote kilikuwa kimebabuka. Msusi alikuwa ameshawapigia zimamoto. Majirani walileta ndoo, na mmoja alitaka kuingia ndani aokoe cherehani, lakini Mama Vifungo, ambaye dakika chache kabla alipiga mateke kwa ajili ya gauni, akamshika shati na kumwambia kwamba cherehani hununuliwa. Zimamoto walipofika walimaliza kazi haraka. Chumba cha nyuma kilipona. Cha mbele kilipoteza mapazia, meza, nusu ya vitambaa, sanamu na gauni. Cherehani ya chuma ilitoka nyeusi tii, lakini nzima.

Mkuu wa kikosi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alitoka na mabaki ya pawabenki kwenye ndoo ya mchanga. Aliuliza ilikuwaje, na Fundi Spana, bado ameinama, akamweleza yote, mpaka sindano.

"Mzee wangu," alisema yule mama, "ile ndani haina upepo kama gurudumu. Ikishavimba, usiichome, usiikandamize, wala usiichaji tena. Itoe nje, iweke juu ya saruji au mchanga mbali na watu, kisha tuite. Na moshi wake ni sumu, usiuvute hata kidogo."

"Na ikiwa inapata joto sana?" Mama Vifungo akauliza kwa sauti ndogo. "Tuseme, kwa mfano, ikichajiwa ndani ya pamba. Chini ya mto."

Mumewe akageuza shingo, sehemu pekee ya mwili iliyokuwa bado inageuka, akamtazama.

"Chini ya mto tunaolalia?"

"Nilidhani inashiba."

"Na mimi niliiangusha," akasema. "Siku ile ya lori. Nikanyamaza."

Walitazamana. Kisha Mama Vifungo akaanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, na mumewe naye akacheka, huku akiomba asichekeshwe kwa sababu ya mgongo.

Simu ya binti iliita wakiwa kwenye benchi la zahanati, mkono umeshafungwa bandeji. Walikuwa wamekubaliana wasimwambie chochote, mimba ilikuwa kubwa. Mama Vifungo akatabasamu kwenye kioo, meno yote nje.

"Mama, mbona una masizi puani?" binti akauliza. "Na baba amevaa soksi mkononi kwa nini?"

Siri ikafia hapohapo. Binti alisikiliza mpaka mwisho, mkono tumboni. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Simu ikizimika, nitasubiri. Hata kesho nitasubiri. Nataka huyu mtoto awakute babu na bibi yake. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, mama," wakajibu kwa pamoja kama watoto wa shule.

Kilichobaki ni gauni. Mama Vifungo alikwenda mwenyewe kwa bibi harusi, akamwambia ukweli. Yule msichana alilia kidogo, akafuta macho, akauliza kama mzee anaendeleaje. Kisha akasema gauni jipya linaweza kuwa jepesi zaidi, shanga zenyewe zilikuwa wazo la mama mkwe.

Msusi aliwapa kona ya saluni wafanyie kazi. Cherehani ilifutwa masizi na kutiwa mafuta, na Fundi Spana, kwa mkono wake mzima, alikata nyuzi na kutunga sindano. Ilipofika zamu ya kupima pindo, hapakuwa na sanamu. Mama Vifungo akamtazama mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hapana," akasema mzee.

"Urefu wako na wa bibi harusi ni uleule."

"Nimesema hapana, mama."

Akapanda juu ya kigoda. Wateja walivumilia kwa muda, mmoja akiwa na povu kichwani, halafu saluni nzima ikaangua kicheko. Yeye alisimama wima, jinsi mgongo ulivyomruhusu, gauni jeupe likimning'inia mabegani, huku mkewe akizunguka chini kwa magoti na pini mdomoni.

"Acha kucheka, unaharibu pindo," alisema Mama Vifungo.

"Sicheki. Najisikia mrembo."

Jumamosi gauni liliondoka, limenyooka, halina hata shanga moja. Mama Vifungo alilisindikiza kwa macho mpaka gari lilipokata kona. Kisha akamkalisha mumewe kwenye kigoda, akafungua kopo la dawa ya kuchua na kuanza kumsugua mgongo, mlango ukiwa wazi na barabara nzima ikiwatazama.

"Ulinibebaje vile?" aliuliza. "Mtu mzito kama mimi."

"Hata sijui," akasema Fundi Spana. "Chua hapo juu kidogo. Hapo. Hapohapo."