Jumuiya Ilipomwombea Timotheo

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tano, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana, na kila Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi naangalia kipindi cha watoto. Haya, cheka umalize. Ukishamaliza tuendelee.

Kipindi chenyewe ni cha mbuzi wa kitambaa anayeitwa Timotheo. Ana ndevu za uzi, jicho moja limelegea, na kila wiki anajitia kwenye balaa jipya kwa sababu ya ulafi. Nilianza kumwangalia nikiwa mdogo kule Soweto, Mbeya, mimi na kaka yangu Anord tumebanana kwenye kochi moja, mama anatupigia kelele tukaoge. Sasa mama amepata kazi kiwandani Mgololo, mimi nimeletwa Kihesa kwa shangazi Evarista nisome huku Iringa, na Anord amebaki Mbeya anajifunza ufundi wa magari. Tumetawanyika. Kilichobaki ni Timotheo. Kipindi kikianza Anord ananibipu, maana yake ameshakaa, na mimi nambipu. Kikiisha ananipigia, tunabishana weee mpaka salio linakata. Kwa dakika hizo naona kama niko nyumbani. Kwa hiyo mtu asije akaniambia ni mbuzi tu.

Shangazi alikuwa hajui. Shangazi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, mwanamke ambaye hata kuku wake wanatembea kwa adabu. Akijua, mtaa mzima utajua, na vijana wa kwaya watanicheka mpaka nimalize shule. Nilikuwa najificha nyuma ya Didas, mwanawe wa miaka sita. "Namwangalizia Didas TV," nasema, na shangazi anaridhika. Likizo hii ya mwezi wa sita Didas akanigeuka. "Mimi siangalii tena hiyo, ya watoto," akachukua mpira wake wa makaratasi akatoka nje. Mtoto wa chekechea huyo! Nilitamani nimfinye.

Na alinigeuka wakati mbaya, maana kilibaki kipindi kimoja tu, cha mwisho kabisa. Timotheo alikuwa ametumbukia korongoni, ndugu zake wamemteremshia kamba, kamba ikakatika, basi, tuonane wiki ijayo. Anord akanitumia ujumbe: "Usithubutu kukosa. Hii tunaangalia wote." Nikamjibu: "Naapa."

Ijumaa jioni shangazi akatangaza kwamba sala ya jumuiya kesho iko kwetu. Kawaida tunasali alfajiri, watu wakawahi mashambani. Lakini baridi la Iringa mwezi wa sita unalijua mwenyewe. Wazee waliomba safari hii isogezwe hadi saa tatu, jua lichomoze kidogo.

"Saa tatu?" nikauliza.

"Saa tatu. Na maombi utaongoza wewe."

Nilikwenda kulala nimenuna hadi miguuni.

Asubuhi sebule ikajaa makoti na mablanketi. Meza ya msalaba na mishumaa waliiweka wapi? Mbele ya TV, ambayo shangazi huifunika na kitambaa chake cha kufuma. Nikakaa naiangalia ile TV iliyofunikwa, roho inaniuma. Gideon akasoma Injili. Huyu Gideon amemaliza kidato cha sita, kwao ni wafugaji wa Usangu, ana sauti nzito na sijawahi kumwona akicheka. Ikafika zamu yangu.

"Tuwaombee wagonjwa wote," nikaanza.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

"Tuwaombee wakulima wetu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Hapo simu ikatetemeka mfukoni mwangu, mara moja, ikanyamaza. Anord huyo. Ameshakaa. Kimeanza. Jamani, akili yangu yote ikatumbukia korongoni. Midomo ikaendelea yenyewe:

"Tumwombee Timotheo, aliyeanguka korongoni, kamba imekatika, na ndugu zake wako juu wanalia. Ee Bwana, umtoe leo hii."

Waliitikia kwa nguvu kuliko maombi yote yaliyotangulia. Wengine walifumba macho.

Nikajua tayari nimeyatimba. Na jumuiya yetu haiombei mtu halafu ikamwacha. Sala ilipoisha tu, shangazi akasimama. "Ndugu zangu, mmesikia. Mwenye unga alete unga, mwenye maharage alete maharage. Devota, huyo Timotheo ni mtoto wa nani?"

Kabla sijafungua mdomo, baba Kasian, anayesomba mbao, ameshainuka. "Korongo lipi? Kamba ya kufungia magogo ninayo kwenye gari. Twende sasa hivi, unga utafuata."

Halafu bibi Juliana, mkubwa wetu wa umri, ambaye kutembea tu ni kazi, akavua blanketi lake mabegani akanisogezea. "Mpelekeeni mtoto. Huko bondeni kuna baridi." Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka.

Pale nikashindwa. Kuchekwa nachekwa, lakini siwezi kumvua bibi wa watu blanketi kwa ajili ya mbuzi.

"Bibi, jifunike," nikasema, na machozi yakaanza. "Timotheo si mtu. Ni mbuzi. Na hata si mbuzi wa kweli, ni wa kitambaa, wa kwenye TV. Ni kipindi cha watoto. Naangalia kila Jumamosi, na leo ndiyo mwisho, na nilimwapia kaka yangu tutaangalia wote."

Shangazi alinitazama, nikaona mwaka mzima wa kudeki unanijia.

Ndipo Gideon akakohoa. "Kwa hiyo," akasema kwa ile sauti yake ya Injili, "hajatolewa bado?"

Tukamgeukia wote.

"Nauliza tu," akasema, masikio yamemwiva. "Wiki iliyopita kamba ilikatikia juu. Mimi nilidhani yule rafiki yake Kobe angekwenda kuita watu."

"Kobe yuko sokoni!" nikamropokea. "Gideon, na wewe?"

"Huwa namwangalizia mdogo wangu," akasema. Hana mdogo.

Kicheko kikaanzia kwenye benchi la vijana kikazunguka sebule nzima. Shangazi tu ndiye hakucheka. "Evarista," bibi Juliana akamwita, "sisi tumeshamwombea huyo mbuzi. Au hatujamwombea?"

"Tumemwombea, mama."

"Sasa tutajuaje kama Mungu amesikia? Ondoa hicho kitambaa."

Kwa bibi Juliana hata shangazi hana ubishi. Mishumaa ikasogezwa, kitambaa kikatoka, TV ikawaka, na huyo hapo Timotheo wangu chini korongoni, ndevu zimejaa tope. Baba Kasian alifoka peke yake: "Fundo gani hilo? Fungeni kwenye mti, sio kwenye jiwe!" Wakafunga kwenye mti. Wakavuta. Tukavuta nao, nakuambia, sebule nzima imeegemea nyuma. Pembe zikatokea, kichwa kikatokea, na shangazi Evarista, mwenyekiti wa jumuiya, akapiga kigelegele kilichomrudisha Didas mbio kutoka nje.

Simu ikaita. Nikabonyeza, na kwa haraka zangu nikaweka spika.

"Devo! Katoka! Mdogo wangu, katoka!" Anord, fundi mzima wa magari, alikuwa analia kwa kwikwi, sebule nzima inamsikia.

"Nimeona, kaka. Nimeona!"

"Nikasema hapa labda umekosa. Hukunibipu." Akavuta kamasi. "Uko peke yako huko?"

Kabla sijajibu, bibi Juliana akainama kwenye simu, blanketi limerudi mabegani.

"Hayuko peke yake, mwanangu," akasema. "Tupo jumuiya nzima."

Kutoka Mbeya ikaja sauti ndogo, yenye heshima zote, ya mtu anayetamani ardhi ipasuke:

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina!" tukamwitikia wote.